Kuwapigia Ng'ombe Gitaa

Tangu nimerudi, siwezi kwenda dukani kununua uzi bila kusimamishwa njiani. "Skola, mdogo wako yuko wapi?" Nikisema yuko Ilemba, wananiuliza kama amefungwa. Nikisema hajafungwa, wananiuliza kama anaumwa. Nikisema anachunga ng'ombe, wananitazama kama mtu aliyelewa kabla ya misa. Basi nimeona niandike yote mara moja. Atakayeuliza tena nitampa asome, mimi niendelee na cherehani yangu.

Katandala: wimbo unapikwa

Kuna wenye kujua na kuna wageni, kwa hiyo nianze mwanzo. Bendi yetu inaitwa Radi. Ukitoka Sumbawanga ukajiita jina lingine lolote, watu wa mikoa mingine watakuuliza habari za radi za kichawi tu, kwa hiyo tuliamua kuwawahi. Tuko watatu. Mdogo wangu Deo anaimba na kupiga gitaa, na siku za kazi anatengeneza redio na simu. Osward, fundi wa kuchomelea mageti, anapiga ngoma, na hupiga kama anavyokula, yaani habakizi kitu. Mimi ni mshonaji, napiga gitaa la besi, na kwa kuwa baba na mama wametangulia, ndimi ninayemkaripia Deo inapobidi. Huwa inabidi.

Tunapiga roki. Mji mzima unapenda bongo fleva na kwaya, sisi tukachagua gitaa linalofoka. Jirani yetu mmoja huuita muziki huo "fujo ya Skola," ingawa anayefoka ni Deo.

Mwaka juzi alikuja kwangu binti wa Kisukuma, Nyanzobe, kujifunza kushona. Wazazi wake walihamia Ilemba na mifugo yao zamani, yeye akazaliwa huko chini bondeni. Ni msichana mpole wa kukufichia chaki ya kuchorea nguo, kisha akakusaidia kuitafuta kwa huruma kubwa. Deo alianza kupita karakana yangu kila siku kukagua redio ambayo haikuwa mbovu. Hatimaye akafunga safari kwenda kujitambulisha kwa baba yake, Mzee Masanja, akiwa na sukari mkononi na shati linalong'aa.

Mzee alimkaribisha, akamlisha, akamuuliza ana ng'ombe wangapi. Deo akasema hana, ila ana gitaa. Mzee akamwambia, "Kijana, usirudi hapa kwangu bila ng'ombe." Basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Ila jioni ile, akiwa bado amekaa na aibu yake, Deo alisikia mluzi ukitoka nyuma ya boma. Ulikuwa mrefu, unashuka, unageuka, mwisho unapanda na kukatika. Alirudi nao kichwani. Hakuuliza ni wa nini, na simlaumu. Sisi Wafipa wa huku juu, nyumbani kwetu ng'ombe walikuwa wawili wa kukokota plau, na jioni walirudi wenyewe kwa uchovu.

Mluzi ule ndio mwanzo wa wimbo wetu, "Ukirudi Jioni." Unaanza kwa kubembeleza, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Katikati ngoma zinaingia, gitaa linapanda, na mwisho Deo anapiga ukelele mmoja wa kumwamsha aliyezimia. Tuliurekodi karakanani kwangu, hapa mtaani Katandala. Ili sauti isivuje tuliazima magodoro ya majirani tukayaegemeza ukutani. Jioni ikaingia, wenye magodoro wakaja kuyadai, sisi bado hatujamaliza. Wakakaa kusubiri. Kwa kuwa Sumbawanga hakuna ambaye hajapitia kwaya, walipochoka kusubiri wakaanza kuitikia: godoro moja lilikuja na sauti ya pili, lingine na besi nzito kuliko gitaa langu. Kile kiitikio mnachokisikia, "Nitakuwa mlangoni, nitakuwa mlangoni," ni watu wanaotaka kulala.

Mjini haukuvuma. Redioni waliukata kabla gitaa halijapanda. Arusini tuliombwa kupunguza sauti, kisha kupunguza wimbo wenyewe. Nabii hakubaliki kwao, tukajifariji hivyo. Nyanzobe alimaliza mafunzo akarudi Ilemba na wimbo ndani ya simu yake, na Deo akabaki anakagua redio kweli.

Ndipo akapiga simu mtu wa Muze, huko huko bondeni, Shabani, mwenye duka la kuwawekea watu nyimbo kwenye kadi za simu na redio. "Wimbo wenu huku ni kila boma," alisema. "Hakuna jioni haupigwi. Njooni mpige wenyewe!"

Deo aliruka akagonga kichwa kwenye rafu ya vitambaa. Mpango wake ukawa huu: tupige Muze, kisha tuendelee mpaka Ilemba, Mzee Masanja aone umati unavyoimba, ajue kwamba hata jina ni mali. Nyanzobe naye akatuma ujumbe: "Njooni. Ila kwetu mpige jioni, msipige mchana. Na spika zitazame mbugani." Tulidhani anatuhurumia kwa ajili ya jua.

Lyamba lya Mfipa: breki zinapoa

Tulipanda lori lililokuwa linateremka mlima wa Lyamba na magunia matupu kufuata mpunga bondeni. Dereva, Mzee Desderi, alikuwa na desturi ya kusimama kila breki zikipata moto, na breki zake zilikuwa na hasira za karibu. Tulitoka mjini tumevaa masweta na makoti. Kona ya kwanza tukavua makoti, ya pili masweta, na kufika chini Osward alikuwa amebaki na fulana na aibu kidogo.

Katika kusimama kumoja alipanda mama mmoja mwenye kapu la mayai ya kuchemsha. Akatazama spika, akatazama ngoma, akatutazama sisi.

"Ninyi ni wa mkutano wa injili?"

Kabla sijajibu, Osward, ambaye macho yake yalikuwa kwenye kapu, akasema, "Bwana asifiwe, mama."

"Amina. Mtumishi, nina goti hili. Niombee."

Nilimkanyaga Osward mguu, lakini alikwisha weka mkono juu ya goti la mama wa watu na kufumba macho. Aliomba kwa sauti, akataja mpaka vifundo. Mama akanyoosha mguu, akaukunja, akasema, "Lo! Limelegea!" Osward akapewa mayai, akala huku akinitazama kwa utakatifu. Nilimwambia dhambi hiyo itamfuata. Ilitufuata sote.

Muze: mashabiki wenye pembe

Shabani alitupokea kwa wali na kambale wa mchuzi, akatuonyesha uwanja karibu na mnada, akasema watu wako njiani. Tulifunga mitambo, jenereta likawaka, tukangoja. Watu wakaanza kufika kweli. Walikuwa kinamama na wazee, wanatembea taratibu, wengine na mikongojo, na mbele yao yule mama wa mayai.

"Ndiye huyo mrefu," alisema akimwonyesha Osward. "Anaanza na magoti, kisha migongo."

Sijawahi kuona umati mvumilivu kama ule. Tulipiga wimbo wa kwanza, wakatulia. Tulipiga wa pili, mzee mmoja akauliza maombi ni saa ngapi. Deo alikuwa ananiangalia kama mtu aliyealikwa karamu akakuta kazi ya kuosha sufuria. Jua likaanza kulegea. Akasema kwenye kipaza sauti, kwa unyonge, "Huu ndio mnaoujua," akapiga mluzi wa "Ukirudi Jioni."

Nikaona vumbi. Kwanza nilidhani ni kimbunga kile kidogo cha bondeni. Kisha nikaona pembe. Wa kwanza kufika alikuwa ng'ombe wa kahawia mwenye pembe moja iliyopinda. Akaja moja kwa moja mpaka mbele ya kipaza sauti, akasimama, akamtazama Deo machoni. Nyuma yake wakaja wengine, na wengine, kutoka pande mbili, mpaka uwanja ukajaa. Waumini walitawanyika. Mama wa goti ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka mfereji, na Osward mpaka leo anajisifu kwa hilo.

Wachungaji wawili walikuja mbio na fimbo. "Nani amewaita? Nani amewaita kabla ya wakati?"

Shabani, akiwa amepanda juu ya jenereta, ndipo akatueleza alichosahau kutueleza kwenye simu. Wimbo wetu ulitokea Ilemba ukaingia kwenye redio za wachungaji. Jioni wanaupiga, ng'ombe wakikusanyika wanapewa chumvi, na sasa wamezoea. Bonde zima hakuna anayejichosha kuswaga.

"Na watu?" Deo aliuliza. "Watu wanauonaje?"

Mchungaji mmoja alifikiri kwa haki kabisa. "Ni mzuri," alisema. "Hakuna wimbo wa chumvi kama huo."

Wahenga walituonya kwamba kumpigia mbuzi gitaa ni kazi bure. Kuhusu ng'ombe hawakusema lolote. Ng'ombe wale hawakuondoka mpaka Shabani alipotoa chumvi ya dukani kwake, huku akilia kimoyomoyo.

Njia ya Ilemba: tela na huzuni

Kutoka Muze tulipata tela la trekta. Njiani likapata pancha kwenye korongo la mchanga, dereva akaondoka na gurudumu akituahidi kurudi upesi. Tulikaa juu ya spika tukitafuna michembe aliyotupa mama mmoja mpita njia. Viazi hivyo vikavu ukivitafuna kwa hasira vinakushinda, na Deo alikuwa anatafuna kwa hasira.

"Dada, turudi," alisema.

"Tutarudi na tela lenye magurudumu matatu?"

"Nimemtungia mtu, wakausikia ng'ombe. Mzee Masanja akijua kwamba huu ni wimbo wa chumvi, atanicheka mbele ya Nyanzobe. Sina ng'ombe, sina umati, nina nini?"

Najua kumtania Deo, na kwa kawaida hapo ningemtania. Sikuweza. Roho iliniuma kweli. Huyu mtoto nimemlea mimi, na nilimwona akiandika maneno ya wimbo ule kwenye vipande vya karatasi vya kukatia nguo, anafuta, anaandika tena. Nikamuuliza, "Ulimtungia nani?"

"Unajua."

"Huyo amesema wimbo wako ni mbaya?"

"Amesema tuje."

"Basi tunakwenda. Wengine wote, wenye miguu miwili na wenye minne, si wao uliowatungia."

Osward akasema kwa mdomo uliojaa kwamba yeye kwa vyovyote haondoki bondeni kabla hajaonja maziwa ya mgando. Deo alicheka kidogo, na dereva akatokea akiviringisha gurudumu.

Ilemba: kwa Mzee Masanja

Njiani Deo alijizoeza salamu ya Kisukuma ili amlainishe mzee. Tulipoingia bomani jua limekwisha vuka utosi, akainama kwa adabu na kusema, "Mwangaluka, baba!"

Ile ni salamu ya asubuhi. Mzee Masanja, mrefu, mkavu, na kofia yake ya pama, alilitazama jua kwanza. "Marahaba," alijibu kwa Kiswahili. "Kumbe kwako ndiyo kwanza kumekucha."

Nikamwamkia, "Shikamoo, baba," nikaeleza kwamba mimi ni dada yake Deo na nimesimama mahali pa wazazi. Akatukaribisha vizuri. Tulikula ugali, maziwa ya mgando, na mboga kavu ya majani ya kunde inayoitwa nsansa. Osward aliongezwa, akaongezwa, mpaka mama mwenye nyumba akaanza kumpenda. Nyanzobe alikuwa anaingia na kutoka na maji ya kunawa, macho chini, mpole kupita kiasi. Upole ule naufahamu. Nilijikuta napapasa mfuko wangu wa chaki.

Tulipomaliza, mzee akamgeukia Deo. "Haya. Umekuja na ng'ombe?"

"Nimekuja na wimbo, baba."

"Wimbo haukamuliwi."

"Baba," Nyanzobe alisema toka mlangoni, "wametoka mbali. Wasikilizwe tu jioni, kisha uwafukuze."

Mzee hakuwa mtu wa kukataa wageni. Jioni majirani walikuja, wakakaa kwenye vigoda na magogo. Spika tulizielekeza mbugani kama tulivyoagizwa, ingawa watu walikaa upande wa pili. Deo alishika gitaa. Akapiga mluzi.

Mzee Masanja alisimama. "Kumbe aliyeuweka mluzi wetu kwenye simu ni huyu?"

Mluzi ulikwisha kwenda. Spika ziliutupa mbali kuliko mdomo wowote wa boma lile ulivyowahi kuutupa. Kwa dakika chache palikuwa na Deo tu, anaimba kwa sauti nyembamba, na mimi besi inanitoa jasho. Kisha mbuga ikaanza kusogea. Dume jeusi lilitangulia, kundi zima nyuma yake, bila mchungaji, bila fimbo, na ubavuni kundi jingine lenye madoa, ambalo mzee alilitazama kwa mshangao mkubwa zaidi. Wakaingia uani, wakamzunguka Deo, dume jeusi likanusa gitaa. Nilimpigia kelele asiache kuimba, maana sikujua wakikatishwa wanafanyaje.

Hapo Nyanzobe akatokea na beseni la chumvi. Lilikuwa tayari limejaa. Aliponipita alinitazama bila kucheka hata kidogo, nikaelewa kila kitu. Yeye ndiye aliyeanza kuwaita ng'ombe kwa simu, kwa sababu wimbo unaanza na mluzi wa kwao. Ndugu zake wakauchukua, wachungaji wakauchukua kwao. Alikuwa ameiandaa jioni ile tangu alipotoka kwangu.

Kisha likatokea jambo ambalo hata yeye, nadhani, hakulipanga. Tulipofika kwenye kiitikio, mama yake akaitikia. Majirani wakaitikia. "Nitakuwa mlangoni, nitakuwa mlangoni." Walijua kila neno, maana kila jioni wakipika, wakikamua, wakifunga zizi, walikuwa wanausikia. Deo alisahau kuimba. Nililia, na sioni haya kusema, nililia mpaka besi ikapotea.

Gitaa liliponyamaza, ng'ombe walikuwa wanalamba, watu wanamngoja mzee.

"Siku ile nilikwambia nini?"

"Nisirudi bila ng'ombe, baba."

"Hawa ni wa nani?"

"Ni wa kwako, baba."

"Baba," Nyanzobe alisema polepole akiwa ameshika beseni, "hukusema wa nani."

Mzee Masanja alitugeuzia mgongo. Tuliona mabega yanatikisika, tukadhani ni hasira. Mkewe ndiye aliyeangua kicheko kwanza, akamfichua. Alipotugeukia tena uso ulikuwa umekauka vilevile, ila macho yalikuwa na maji.

"Mluzi huo ni wa baba yangu," alisema. "Tulihama nao. Aliyeuchukua bila kuomba atautumikia. Kesho asubuhi utakwenda malishoni na wenzako, na jioni utawaita kwa mdomo wako, bila spika. Tutaona kama wanakufuata wewe au wanafuata chumvi." Akaelekeza fimbo kwenye kundi la madoa. "Na hao ni wa jirani. Warudishe sasa hivi, kabla sijaitwa mwizi uzeeni."

Kupanda kurudi juu

Ndivyo tulivyorudi wawili. Osward alipewa kibuyu cha maziwa ya mgando, kikaisha kabla hatujaanza kupanda mlima. Pale Muze tulipita tumejifunika makoti juu ya vichwa ingawa joto lilikuwa kali, kwa ajili ya wenye migongo ya kuombewa. Gitaa la Deo ninalo, liko ukutani karibu na pasi.

Alikuwa ananipigia simu. Alisema siku ya kwanza hakuja hata mmoja. Midomo ilikuwa imekauka kwa woga, mluzi ukatoka kama mvuke wa birika. Siku iliyofuata akaja ndama mmoja, akaonekana amepotea tu. Nilimwambia avumilie, nikakata simu, nikakosea mshono wa sare ya watu.

Jana jua likizama simu ikaita tena. Haikuwa sauti ya Deo.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba, binti yangu. Leo amewaita kwa mdomo." Nikasikia kengele za shingoni na mtu anafunga zizi. "Chumvi niliificha mimi mwenyewe."

"Ikawaje, baba?"

"Wamekuja wote. Hata lile dume jeusi, ambalo mimi mwenyewe hunijia likijisikia tu. Basi, leteni wazee wenu tuzungumze. Ila spika ziacheni huko huko. Jirani yangu hana usingizi."

Nyuma yake nilimsikia mdogo wangu anaimba, kavu, bila gitaa, na sauti ya msichana ninayemfahamu ikimwitikia kwamba atakuwa mlangoni.

Sasa nawageukia ninyi mlioniuliza njiani. Mnajua sisi hatuna wazee, walikwisha kwenda. Niliwaza usiku kucha ni nani wa kumsindikiza Deo, nikakumbuka wale waliokaa karakanani kwangu wakamwitikia wimbo mzima kwa sababu walikuwa wanasubiri magodoro yao. Wale ni ninyi, na ninyi ndio ukoo. Nguo za safari nitashona mimi. Magodoro mje nayo.